Miti ya Harufu katika Nyua Zetu: Kutoka Dwarka hadi Upanga

Kamati ya kitabu hiki cha kumbukumbu iliniomba niandike juu ya familia za mwanzo zilizosali katika hekalu letu. Wapo wanaoiweza kazi hiyo kuliko mimi. Mimi ni mfanyabiashara; elimu yangu iliishia sekondari, na kwa zaidi ya miaka arobaini nimeuza misumari, mabati na rangi. Niliomba niruhusiwe kuandika juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ukutani, nalo ni miti ya maua yenye harufu nzuri ambayo wazee wetu na majirani zao waliiotesha majumbani mwao hapa Dar es Salaam, na ambayo katika umri wangu mimi imekaribia kumalizika. Kamati ilikubali, kwa sharti kwamba nisiigeuze kurasa hizi kuwa somo la bwana shamba. Nitajitahidi, ingawa mwishoni itanibidi nigusie samadi.

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ua ni kile kichanuacho mtini, na ua ni uwanja uliozungushiwa nyumba. Sarufi huvitenganisha kwa wingi wake, kwani la kwanza huwa maua na la pili huwa nyua, lakini katika umoja wake husimama pamoja. Sidai kwamba wahenga walikusudia hivyo. Hata hivyo, kwa habari ninayotaka kuieleza hapa, sijapata kuona neno linalofaa zaidi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ua lenye harufu halisafiri. Waulizeni wauza maua wa mjini. Waridi litokalo katika mashamba ya Arusha huvunwa leo, hupanda ndege, na baada ya siku kadhaa bado limesimama wima katika chombo cha maji. Lakini ukilileta puani, aghalabu hukuti kitu. Waliolizalisha walilichagulia uvumilivu wa safari, na harufu ikaachwa njiani. Ua la parijatak, kwa upande mwingine, huchanua usiku na alfajiri limekwisha kuanguka. Tumba la yasmini likichumwa alasiri hufunguka magharibi, na kesho yake limenyauka na kugeuka rangi. Ua la mchampaka hudumu siku moja, au mbili ukilielesha katika bakuli la maji. Wajuzi wa biashara ya Unguja watanikumbusha karafuu, nayo kweli ni ua. Lakini karafuu huchumwa ingali tumba na kukaushwa juani, na ndiyo sababu iliweza kuzunguka dunia nzima. Mengine yote, anayetaka ua hana budi kuwa na mti, na mti wenyewe uwe karibu na mlango wake. Nguo, pembe, nafaka na ubani vilikwenda na kurudi baharini kwa karne nyingi pasipo yeyote kuhitaji kuotesha chochote. Harufu ya jioni ilitaka mtu akae mahali, achimbe shimo na asubiri miaka.

Tusidhani kwamba pwani hii ilikuwa haina harufu yake hata sisi tukaileta. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania huota mti mdogo uitwao mkilua, wenye maua ya kunukia sana. Wanawake wa Kiswahili na wa Kiarabu waliutoa msituni na kuupanda majumbani tangu zamani, nao walilithamini kilua hata likawa mfano wa uzuri katika maneno ya watu. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa Bustani ya Kew aliyekuwa amefanya kazi Afrika Mashariki, alipouandika mti huo rasmi katika sayansi, aliuundia jenasi yake peke yake na kuipa jina lile lile aliloitwa nalo na wenyeji: Mkilua fragrans. Miti mingi ya bara hili imepewa majina ya magavana na wasafiri. Mkilua umebaki na jina alilouita mama wa pwani.

Tena mkilua una jamaa. Kwa ukoo wake ni ndugu wa mtopetope na mstafeli, na ni ndugu wa mlangilangi uliotoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia na kuenea hadi Unguja na Ngazija. Hata miashoki, ile miti mirefu iliyonyooka kama mishumaa ambayo kila mwenye ukuta mpya siku hizi huipanga mstari mbele ya nyumba, imetoka Bara Hindi na ni ya ukoo huo huo. Katika jamaa wote hao tumechagua kupanda yule ambaye hanukii.

Pwani ilikuwa pia na mkadi. Ua lake la kiume, liitwalo kadi, limefungwa katika majani meupe marefu na harufu yake hukaa katika kanga zilizokunjwa sandukuni. Waarabu huliita kwa jina lilo karibu na hilo, na sisi kwa Kigujarati huita kevdo. Katika ibada zetu kevdo lina habari ya pekee. Wazee husimulia kwamba ua hili lilipata kutoa ushahidi wa uongo mbele ya Shiva, naye akalikataa, na hadi leo haliwekwi juu ya madhabahu yake. Lakini ipo siku moja katika mwezi wa Bhadarvo, siku ya Kevda Trij, ambapo wanawake wa Gujarat hufunga bila chakula wala maji kwa ajili ya waume zao, na siku hiyo hulinusa kevdo. Ua lililokataliwa hupata siku moja ya heshima katika mwaka. Nimewahi kumweleza jirani yangu Mwislamu habari hii, akanijibu kwamba kwao kadi halina kesi na mtu yeyote. Bibi harusi hulipenda na hiyo yatosha.

Sasa nije kwa watu. Kila mwenye kuijua pwani anafahamu mwendo wa pepo: kaskazi iletayo majahazi kutoka Gujarat na Arabuni kuanzia mwezi wa Desemba, na kusi iyarudishayo baada ya Aprili. Mwaka 1498 Wareno walipofika Malindi waliwakuta wafanyabiashara wa Kihindi bandarini. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ya Wabhatia kutoka Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Unguja kwa miongo mingi, na mfalme mwenyewe alikuwa mdeni wake. Habari hizo zimeandikwa sana. Lisiloandikwa sana ni kwamba Wahindu hao wa mwanzo, kwa desturi ya wakati ule, waliwaacha wake zao nyumbani. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunajisi, na mwanamke hakuvushwa. Mwanamume alikaa miaka kadhaa juu ya duka lake, akapika mwenyewe au akapikiwa na mwanamume wa tabaka lake, kisha akarudi Mandvi au Porbandar. Mtu wa namna hiyo hapandi mti. Anapanda mrehani katika kopo, labda, au tulsi, ambao nao ni ndugu wa mrehani.

Wanawake walianza kuja kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea katika karne ya 20. Walipokuja wao, chumba kikawa nyumba, na katika nyumba pakawa na mahali pa miungu, na miungu huamshwa kila asubuhi kwa taa, maji na maua mabichi. Ua la ibada lina masharti yake. Halinuswi kabla ya kutolewa, kwa kuwa harufu ya kwanza si yetu. Lililolala tangu jana halifai. Lililookotwa chini kwa kawaida halifai pia, isipokuwa parijatak, ambalo hujiangusha lenyewe alfajiri na kuruhusiwa kuokotwa. Kwa masharti hayo mtu hawezi kutegemea soko. Kwa maoni yangu hapo ndipo bustani zetu zilipoanzia. Haja ya kila alfajiri ilitangulia, na pambo likafuata.

Vitabu vina majina ya wanaume wenye vyeo. Vinamtaja Dakta John Kirk, konseli wa Uingereza, aliyepanda miti ya kigeni katika bustani yake ya Mbweni, Unguja, huku akiandikiana na Kew. Vinamtaja Franz Stuhlmann, aliyeanzisha Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893, miaka michache tu baada ya Wajerumani kuufanya mji huu makao yao makuu. Sipunguzi heshima yao. Miti yao waliipokea katika visanduku vya vioo vya Nathaniel Ward, daktari wa London, vilivyoanza kutumika melini katika miaka ya 1830 na vilivyoihifadhi miche dhidi ya upepo wa chumvi. Mama wa Kigujarati aliyepanda jahazi hakuwa na kisanduku cha vioo. Na mbegu ya mchampaka ni dhaifu kupita kiasi: ina nyama nyekundu ambayo ndege huipenda, na ikikauka hupoteza uhai wake katika muda wa majuma machache, ilhali safari ya jahazi, hata pepo zikiwa njema, ilikula majuma matatu au zaidi. Anayeutazama mchampaka mkongwe katika ua wa Kihindi na afanye hesabu hiyo. Ama mtu alibeba mche katika udongo na kuugawia maji yake ya kunywa, ama alibeba mbegu katika mchanga wenye unyevu na kuziangalia kila siku. Jina lake hatunalo.

Nimeitaja parijatak mara kadhaa, na wasomaji wasio wa dini yetu wanastahili kuelezwa. Ni mti wa kadiri, wenye urefu wa mita tatu hadi kumi, majani yake yana ukali kama msasa, na sura yake mchana haimvutii mtu. Usiku hufungua maua madogo meupe yenye kikonyo cha rangi ya machungwa. Jua likichomoza, chini ya mti pameenea kana kwamba mtu amemwaga mchele wenye zafarani. Kikonyo hicho hutoa rangi iliyotumika zamani kutia nguo. Wataalamu wa mimea wameuita kwa Kilatini mti wa huzuni, nadhani kwa kuwa mchana husimama mtupu.

Nasi tunasimulia kwamba parijatak ulikuwa mti wa mbinguni, katika bustani ya Indra. Bwana Krishna aliung'oa na kuuleta Dwarka, mji wake uliopo pwani ya magharibi ya Gujarat, kwa sababu mkewe Satyabhama aliutaka. Akaupanda katika ua wa Satyabhama, kama alivyoombwa. Lakini matawi yake yaliinama juu ya ukuta, na maua yake yote yakawa yanaanguka katika ua wa Rukmini, mke mwenzie. Wengine husimulia kisa hiki ili watu wacheke wivu wa Satyabhama, na wengine ili wasifu unyenyekevu wa Rukmini. Mimi niliyekulia Upanga sikuwahi kukisikia bila kufikiria ukuta wa nyumba yetu.

Upanga, kama wazee wanavyokumbuka, ilijengwa hasa katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo familia nyingi za Kihindi ziliishi Uhindini, duka mbele na maisha nyuma, na ua wa ndani ulitosha kamba ya nguo na kopo la tulsi. Upanga ilikuwa na viwanja. Kwa mara ya kwanza familia za kipato cha kati zilipata ardhi mbele ya nyumba na nyuma yake, na kinamama waliokuwa wameotesha katika makopo kwa miaka ishirini wakateremsha miche yao ardhini. Mtaani kwetu ungeweza kutembea usiku wa giza, umeme umekatika, na ukajua umefika nyumba ya nani kwa pua yako: hapa mogro, yaani yasmini, pale ratrani, kwa daktari mchampaka, kwetu parijatak.

Mti wetu ulikuwa kando ya ukuta wa mashariki. Upande wa pili aliishi mama mmoja mzaliwa wa Mafia, mke wa karani wa bandari, aliyehamia pale baada ya Uhuru. Alfajiri maua yalianguka pande zote mbili. Mama yangu aliokota ya kwetu kwa ajili ya ibada. Ya upande wa pili yule jirani aliyakusanya katika sinia na kuyapitisha juu ya ukuta, akisema, "Mama, mzigo wako huu umenifikia mimi." Mama naye, ilipofika alasiri, alimpitishia matumba ya mogro yasiyofunguka bado, kwa kuwa jirani yule alikuwa fundi wa vikuba. Mwenye kuijua pwani hahitaji kuelezwa kikuba, lakini vijana wetu huenda wakahitaji: ni kifurushi kidogo cha majani ya mrehani, yasmini, vipande vya langilangi au mkadi, kilichofungwa kwa uzi na kuvaliwa nyweleni au kifuani, ili harufu ipande kila mwanamke anapopumua. Kwa hiyo mimea ya ua mmoja ilihudumia madhabahu asubuhi na maharusi jioni. Lililotolewa asubuhi lilikuwa haramu kunuswa. Lililofungwa jioni lilikuwa la kunuswa tu, wala halina kazi nyingine. Sikumbuki kwamba jambo hilo lilimshangaza yeyote kati yao.

Mlangilangi tulioupata ulitoka kwa familia hiyo hiyo, uliokuwa umeletwa na jamaa zao wa Ngazija. Visiwa vya Komoro ndivyo vinavyoongoza duniani kwa mafuta ya langilangi, na namna wanavyoulea mti ule inafaa kuigwa na mwenye ua mdogo. Mlangilangi ukiachwa hupanda mita kumi na tano, ishirini na zaidi, maua yakawa ya kunguru. Wakomoro huukata kichwa ungali mchanga, ukiwa na mita mbili hivi, na kuyainamisha matawi yake hadi kimo cha mkono wa mwanamke. Ua lenyewe huchanua likiwa kijani na halina harufu ya maana; hukaa majuma mawili au matatu likikua, hadi liwe la manjano na doa jekundu litokee ndani, kwenye shina la petali. Hapo huchumwa alfajiri, jua halijaiba kitu. Wengi wanaolalamika kwamba mlangilangi wao haunukii wamechuma ua la kijani.

Mwezi Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Sababu zake na matokeo yake yamejadiliwa na watu wenye elimu kunizidi, na hapa si mahali pake. Nasema tu juu ya miti. Familia nyingi zilikwenda Uingereza na Kanada, nyingine zikabaki kama wapangaji, na hakuna aliyeweza kutia mchampaka wa miaka ishirini katika sanduku. Wapangaji wapya walitoka kila pembe ya nchi. Wengine waliukuta mti hawaujui, haukuzaa tunda, wakaukata ili wapande mpapai, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za unga. Wengine waliuacha kwa sababu ya kivuli. Na wapo waliojifunza kazi yake. Katika nyumba moja ya jirani, ambayo mwenyewe wa zamani sasa ni marehemu huko Leicester, mpangaji kutoka Bukoba alimruhusu mama yangu kuingia kila siku ya Janmashtami kuchuma champaka kwa miaka kumi na tatu, na binti zake walipoolewa wote walivaa ua hilo kichwani.

Kilichoimaliza miti kilikuja baadaye, nacho ni bei ya ardhi. Kiwanja kilichobeba nyumba moja na miti minne leo hubeba ghorofa kumi, na pale palipobaki wazi pamewekwa pevingi kwa ajili ya magari. Hapa sina haki ya kumnyooshea mtu kidole, kwa kuwa mimi ndiye niuzaye saruji. Lakini matokeo yake tunayaona hekaluni. Siku za sikukuu tunanunua maua kwa kilo. Ni mazuri kwa macho, yanadumu, na chumba cha ibada kilichojaa maua hunukia ubani tu. Vijana wetu wanalijua neno champo kama jina la sabuni na manukato, na wengi wao, nilipouliza, walionyesha franjipani, mti uliotoka Amerika ya Kati, ambao Wagujarati nao huuita champo kwa kufananisha. Franjipani ni mti mwema, huota kwa tawi lililochomekwa tu mchangani, na ndio uliopona zaidi mjini kwa sababu hauna madai. Ila si champo ya bibi zetu.

Jirani mmoja aliniuliza kama inawezekana kuanza upya katika kiwanja cha leo. Inawezekana, kwa yeyote aliye na mita tatu za udongo. Mchampaka ununuliwe ukiwa umebebeshwa, kwa kuwa wa mbegu unaweza kukuweka miaka minane au kumi kabla ya ua la kwanza, na uliobebeshwa hutoa katika mwaka wa pili au wa tatu. Hautaki maji yaliyotuama, wala hautaki udongo wa chokaa. Penye mawe ya matumbawe majani yake hugeuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Watu hudhani ni kiu na kuuzidishia maji, na kumbe wanaumaliza. Dawa yake ni mboji nyingi ya majani, tena kila mwaka, au kuupanda katika nusu ya pipa lenye matundu. Parijatak ni mvumilivu zaidi, huota kwa mbegu zake bapa, hutaka jua, na hupogolewa baada ya msimu wa maua ili utoe matawi mapya. Mlangilangi una mbao laini, kwa hiyo usiwe juu ya paa wala karibu na karo. Shimo lichimbwe kabla ya masika, lijazwe samadi iliyooza vizuri, na mche uingie mvua za Machi zinapoanza.

Na mwarobaini tusiusahau, ingawa umejaa kila mtaa hata hatuuhesabu. Huo pia ni wa Bara Hindi. Sisi huuita limdo, na mwezi wa Chaitra wazee hunywa maji machungu ya maua yake ili kulinda afya. Watu wa hapa waliupa jina kwa maradhi arobaini. Katika msimu wake simama chini yake usiku na utasikia harufu ya asali, kutoka kwa mti ambao hakuna kitu chake kisicho kichungu.

Kuna hofu mbili ninazokutana nazo kila ninapomshawishi mtu apande. Wagujarati husema ratrani na mogro huvuta nyoka. Waswahili husema mti unukiao usiku hukaliwa na jini. Juu ya jini sina elimu. Juu ya nyoka, mimi nasema humfuata chura na panya, nao hufuata majani yaliyorundikana na maji yaliyomwagika ovyo. Fagia chini ya mti na hofu itapungua. Maua meupe ya usiku yanamwita mgeni mmoja tu, nondo, ambaye huona weupe na kunusa mbali gizani, na kwa ajili yake harufu ile hutoka jua likishatua. Sisi tumealikwa karamu isiyo yetu.

Kiwanja cha hekalu letu sasa kina miparijatak miwili nyuma ya jiko na mchampaka mmoja kando ya lango la kusini, uliopandwa miaka sita iliyopita na ulioanza kutoa maua msimu uliopita. Mmoja kati ya miparijatak hiyo umevuka ukuta, na maua yake huangukia kwa jirani yetu fundi baiskeli, ambaye huyafagia kila asubuhi kabla ya kufungua. Nimemwomba asiyatupe, naye amekubali kuyaweka katika ungo hadi saa moja. Mbegu zake huiva miezi michache baada ya maua kwisha. Atakayetaka, awe muumini au jirani, na amwone mlinzi wa lango na bahasha yake; miche ya mchampaka iliyobebeshwa itakuwa tayari kabla ya masika yajayo, na bei yake ni ya udongo na mfuko tu.